Manesi wa zahanati: wale tuliowarudisha getini kipindi cha corona, nyie mliwaandika wapi?

SistaWaKijijini

Habari zenu wote, poleni na majukumu. Mimi ni nesi wa zahanati, mkoa wa Tanga huko milimani, wilaya siitaji. Nina swali limenikaa kooni muda mrefu na juzi limeamshwa upya maana nipo masomoni najiendeleza, mwalimu akatuuliza darasani kipindi cha corona wagonjwa wangapi walipata madhara kwenye vituo vyenu kwa sababu ya huduma yenyewe, siyo kwa sababu ya ugonjwa. Darasa zima kimya. Sio kwamba hawakuwepo, ni kwamba hakuna mtu aliyekuwa na pa kuangalia.

Nieleze kidogo ilivyokuwa. Mwezi wa tatu 2020 kesi ya kwanza imetangazwa, sisi zahanati tuko wanne tu, tabibu, manesi wawili na mhudumu. Ikaja ndoo ya kunawia, ikaja bango, kipimajoto cha kupiga kwenye paji la uso kikaja mwezi baadaye na betri yake ikaisha wiki ileile. Mimi nikapangiwa geti. Kazi yangu mwenye homa na kikohozi asiingie ndani akachanganyikana na wajawazito, namwelekeza aende kituo cha afya ambacho ni mbali, bodaboda elfu tano kwenda peke yake. Kwenye karatasi mpango ni mzuri kabisa tena ulikuwa unalinda watu kweli.

Sasa kuna bibi mmoja wa presha, namjua miaka, anakuja kila mwezi kuchukua dawa na kupimwa. Siku hiyo kaja anakohoa, kikohozi chake kile cha kuni za jikoni ambacho kila mtu pale anakijua, lakini utaratibu ni utaratibu nikamwambia bibi nenda kituo cha afya. Akaniangalia akasema haya mwanangu, akageuka. Hakwenda kituo cha afya, elfu tano angeitoa wapi. Alirudi kama wiki tatu baadaye amebebwa kwenye kiti cha plastiki, mdomo umekwenda upande na mkono wa kushoto hauna kazi. Dawa ziliisha wiki mbili kabla.

Nikaenda kwenye vitabu vya MTUHA, yale madaftari ya takwimu za wagonjwa wa kituo, kutafuta siku ile niliyomrudisha. Hayupo. Kitabu kinahesabu aliyeingia, aliyerudi getini hajawahi kuja! Kwa hiyo ukisoma ripoti yetu ya robo ile utaona wagonjwa wamepungua, na mtu wa wilayani akasema mmejitahidi hakuna tukio.

Swali langu kwa manesi wenzangu wa zahanati, dispensari, vituo vya afya, popote mlipo: kwa macho yenu kitu gani kilimweka mgonjwa hatarini zaidi, na je mlikuwa na mahali pa kusema bila kuonekana mnajichongea?

---

NesiMtaani

Sista pole sana, umenirudisha mbali. Mimi Dar, kituo cha afya, kliniki ya mama na mtoto. Kwa upande wangu hatari kubwa haikuwa getini, ilikuwa watu kutokuja kabisa. Yaani Jumanne ya chanjo tulizoea kina mama wamejaa mpaka chini ya mwarobaini, ghafla unakuta kumi na mbili, kumi na tano. Ukimpigia simu anakwambia sista huko si ndio corona ipo. Na huwezi kumlaumu, benchi letu lenyewe wanakaa wamebanana, mzani ni mmoja, lile beseni la kupimia watoto linapita mtoto kwa mtoto, zamani tulikuwa tunafuta kwa macho tu tuseme ukweli.

Tulichofanya baadaye tukagawa kadi kwa saa, wa saa mbili waje saa mbili, wa saa nne saa nne, na kipimo cha uzito tukakitoa nje kwenye upepo. Kitu cha kijinga kabisa hakina gharama, na hadi leo najiuliza kwa nini hatukufanya hivyo kabla ya corona.

Lakini kitu kinachoniuma zaidi ni homa. Mgonjwa mwenye homa alikuwa hataki kuguswa na sisi hatutaki kumgusa. Kipimo cha malaria kinataka umshike kidole, umtoboe, umsogelee. Kuna siku, na sijivunii, dawa ya mseto ilitolewa dirishani bila kipimo, eti homa ni malaria tu huyo. Na wapo waliopewa mseto kumbe ni nimonia. Halafu likaja wimbi lile la 2021 mwanzoni, jina lenyewe la corona hatulitaji tunasema changamoto ya upumuaji, takwimu za nchi zilishasimama tangu 2020 kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, sasa wewe nesi wa chini unaona unachokiona na hujui ukiandike kwa jina gani kwenye rejista. Tuliandika "nimonia", tuliandika "mafua makali". Mgonjwa akipewa rufaa na karatasi yenye jina ambalo siyo, anayempokea kule hajiandai. Hilo nalo ni usalama wa mgonjwa au siyo?

Barakoa moja wiki nzima unaifua unaianika kama leso. Hapo sijasema nyumbani, mume anakwambia vua nguo huko huko uani.

---

Kipute_wa_Kilifi

Wenzangu hamjambo, mie niko Kenya upande wa pwani, Kilifi kauntii. Dispensari yetu nesi ni mimi tu, inchaji ni mimi, kutoa dawa ni mimi, kuzalisha ni mimi, na kufagia nikikosa mtu pia ni mimi.

Kwetu kilichoumiza watu ni kafyu. Ilianza tarehe 27 Machi 2020, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, na uchungu wa kuzaa wallahi hauangalii saa. Kwa sheria mgonjwa aliruhusiwa kutembea, lakini yule wa boda atajuaje kwamba polisi ataamini? Walikuwa wanazima simu saa kumi na mbili unusu. Nilipokea akina mama watatu asubuhi na mapema wamejifungulia nyumbani, mmoja kondo la nyuma limebaki ndani na damu imemwagika usiku kucha wakisubiri kukuche. Alipona, Alhamdulillah, lakini nilipoandika nikaandika "kajifungulia nyumbani" kana kwamba alipenda. Nairobi kule daktari mmoja, Jemimah Kariuki, alianzisha ile Wheels for Life, unapiga 1195 bure unachukuliwa na gari. Mimi nilisikia redioni nikalia, huku kwetu gari lenyewe lingepita njia gani.

Halafu Disemba tukaingia mgomo, manesi na maklinikoo (matabibu), na madaktari wakafuata tarehe 21. Kuna watu watasema tulihatarisha wagonjwa. Sawa, kweli, mlango umefungwa mgonjwa yuko hatarini sibishi. Lakini tulikuwa tunadai glavu na maski na bima, na nesi ambaye hana glavu anamtoa huyu damu anakwenda kumkagua mwengine, si ni hatari hiyo hiyo isipokuwa haionekani gazetini?

Kisa cha mwisho niende nikaoshe vyombo. Klorini. Walituletea maagizo tufute kila kitu kwa klorini, nani wa kuchanganya, kijana wa kuokota taka hajafundishwa. Siku moja kamwaga jiki pamoja na ile dawa ya choo ndoo moja ili "iwe na nguvu zaidi", chumba kikajaa moshi, ndani mna mtoto wa pumu. Tulimtoa mbio. Kwa hivyo kwa yeyote anayesoma: jiki ya asilimia 3.5 kupata 0.5 ni kipimo kimoja cha jiki kwa vipimo sita vya maji, MAJI PEKE YAKE, na ichanganywe siku hiyohiyo. Mimi nimeandika ukutani kwa makapeni mpaka leo.

---

Mjukuu_wa_Mzee

Mimi si nesi, mnisamehe kuingilia. Nawasoma hapa mnavyojihurumia nasema hebu ngoja.

Babu yangu alipelekwa kituo cha afya 2021, kabanwa kifua. Nesi alisimama mlangoni, mita tatu, akamuuliza maswali kwa kupaza sauti mbele ya watu, unakohoa? umetoka wapi? nani amekufa kwenu? Hakumshika hata mkono. Hakupima chochote. Akaandika karatasi ya rufaa akaiweka kwenye meza tukaichukua wenyewe. Mzee alikuwa anasikia aibu kuliko maumivu. Tukaishia kurudi nyumbani kumfukiza, nyungu asubuhi na jioni, mpaka sufuria likamwagikia mguu na akapata kidonda juu ya ugonjwa. Alipona kifua, kidonda kikakaa miezi minne.

Sasa nauliza, hofu ya nesi ni sababu? Maana mimi niliyemkumbatia babu yangu sikuwa na barakoa wala nini.

---

NesiMtaani

Mjukuu pole kwa mzee. Lakini ndugu yangu wewe ulimkumbatia babu mmoja. Yule nesi siku hiyo alikuwa na watu arobaini nyuma ya babu yako wakiwemo wajawazito, na baada ya hapo anakwenda kumchoma sindano mtoto wa wiki sita. Akiugua yeye anawapelekea wote. Nakubali kumuuliza kwa kelele mbele za watu ni kosa na hilo halihitaji hela kurekebisha. Kutompima nalo ni kosa. Ila mita tatu sikubali kwamba ni ukatili.

---

Mjukuu_wa_Mzee

Sawa dada. Ila angesema hivyo. Angesema mzee nisamehe nasimama mbali kwa sababu hii na hii. Hakuna aliyesema.

---

Wa_Beni

Jambo bote. Kiswahili yangu ni ya Kongo, mtanisamehe. Miye nilikuwa natumika ku santre de sante, ni kusema kituo cha afya, pembeni ya Beni wakati wa Ebola, ile ilianza mwezi wa nane 2018 ikaisha 25 mwezi wa sita 2020, na corona ilishaingia tayari, tulikuwa na yote mbili.

Nasoma mambo ya homa na malaria hapa juu nasema ndiyo, ni ile ile. Ebola siku za kwanza inafanana na malaria: homa, kichwa, kutapika. Mutoto analetwa, wanamuweka kitanda kimoja na mwengine, anachomwa sindano, anarudi nyumbani malaria imepona, kisha siku kumi anarudi na Ebola. Wengi waliipatia ku vile vituo vidogo vya batu binafsi na vya waganga wa mitishamba wenye kuchanganya na dawa za kizungu. Mahali pa kuponea ndiyo palikuwa pa kupatia ugonjwa. Miye nilipoteza rafiki mbili manesi. Kwa hiyo yule ndugu wa babu, miye namuelewa, lakini tulijifunza kusimama mbali kwa kuzika.

Ila kuna kingine hakuna mutu anasema. Macho yote na feza yote ilikuwa ku Ebola. Ilikamata watu zaidi ya 3,400, walikufa 2,287. Wakati ule ule surua ilikuwa inatembea inchi nzima, mwanzo wa 2020 ilikuwa imeshaua zaidi ya 6,000, wengi watoto. Chanjo ya surua ni ya zamani, ni ya bei ya chini. Watoto bale hawakuwa na hema nyeupe wala gari ya vioo. Sista wa Tanga, bibi yako wa presha ni kama watoto ba surua.

---

Mshumaa77

Nimesoma komenti ya Beni mara mbili. Sina la kuongeza, mimi ni mfamasia tu, ila niseme ile ya presha: wagonjwa wa CTC, kliniki ya wanaoishi na VVU, walipangiwa vizuri, mtu aliye imara akapewa dawa za miezi kadhaa asije kupanga foleni. Wa presha na kisukari nani aliwapangia? Bibi angekuwa na dawa za miezi mitatu nyumbani, kurudishwa getini kusingemuua mkono. Wazo lilikuwepo jengo moja, mlango wa pili.

---

Dada_Leicester

Hodi jamani. Mimi Mtanzania niko Uingereza, nesi kwenye kituo cha daktari wa familia, ndio ngazi yao ya chini kama zahanati. Msidhani huku geti halikuwepo, geti letu lilikuwa simu. Machi 2020 tukaambiwa kila mgonjwa aanze kwa simu au mtandao, wachache tu waitwe kuja. Kipimo cha mapafu kile cha kupuliza kikasimamishwa, vipimo vya mlango wa kizazi vikasogezwa mbele, chanjo za watoto tu ndio tuliambiwa zisiguswe.

Sasa fikiria mama wa Kisomali au Mgujarati hana Kiingereza, anaongea na simu kupitia mtoto wake wa miaka kumi. Mimi namuuliza mtoto, mama anatokwa damu? Mtoto ananyamaza. Ana aibu. Anasema "no". Nitajuaje? Mama angekaa mbele yangu ningeona jinsi anavyokaa kwenye kiti. Nusu ya unesi ni kumwona mtu anavyotembea kutoka mlangoni hadi kwenye kiti, na simu ilituondolea hiyo nusu.

Na kuna jambo la kile kifaa cha kubana kidole cha kupima oksijeni, walikuwa wanawapa wagonjwa waende nacho nyumbani. Disemba 2020 ukatoka utafiti Marekani kwamba kifaa kinawadanganya watu weusi, kinasoma oksijeni iko sawa kumbe imeshuka, na hilo lilitokea kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu ya weupe. Mimi miaka yote nimeamini namba ile. Tangu hapo mgonjwa mweusi akiniambia 94 lakini hawezi kumaliza sentensi bila kupumua, naamini sentensi.

Kuhusu kuripoti, huku fomu ya kuripoti tukio ipo kwenye kompyuta na unaweza usiandike jina. Lakini na yenyewe inauliza "mgonjwa alidhurika vipi", na yule ambaye hakupiga simu kabisa hana namba. Kwa hiyo sista wa Tanga tuko boti moja, injini tu zimetofautiana.

---

NesiMtaani

Dada umenikumbusha!! Huku Pwani ongezeni na piko. Kifaa kile ukikiweka kwenye kidole chenye piko nyeusi kinagoma au kinakuletea namba ya ajabu, nilishawahi kuandikia rufaa bi harusi aliyekuja na mafua ya kawaida, 79 inasoma, yeye anacheka na simu. Hina nyekundu haina shida sana. Wekeni kwenye ncha ya sikio au tafuteni kidole kisafi.

---

SistaWaKijijini

Nimerudi, mtandao huku ni wa kupandia mlimani. Asanteni wote, nimenakili vitu vingi.

Mjukuu, nimekusoma na kwanza nilikasirika, nikafunga simu nikaenda kuchota maji. Halafu nikakumbuka mimi bibi sikumwambia sababu. Nilisema "nenda kituo cha afya" kama polisi. Una haki hapo.

Nimalizie kisa maana wengine mmeniuliza inboksi nilifanya nini. Wimbi la katikati ya 2021, kabla chanjo hazijafika huku kwetu (zile za kwanza nchini ziliingia mwishoni mwa mwezi wa saba), nilinunua kaunta buku kwa hela yangu nikaiweka getini. Nilichora mistari: tarehe, mwanamke mwanaume, umri, kaja kwa ajili gani, kwa nini hakuingia, kaelekezwa wapi, na safu ya mwisho "kafika?". Majina hamna, namba tu, na namba ya simu ya ndugu nikaiweka kwenye karatasi tofauti kwenye droo. Jioni nikipata salio nampigia mmoja mmoja, mama ulifika kule? Wengi hawakufika. Ndio jibu nililokuwa naliogopa.

Mganga mfawidhi alipoliona daftari akaniuliza sista unataka tufukuzwe kazi? Hakunikataza lakini. Akakaa nalo usiku, asubuhi akaniambia wa presha na wa sukari wasirudi tena, tuwekee meza nje chini ya mparachichi, upime hapo hapo upepo unapita, na dawa wapewe za miezi miwili kama zipo. Zikiwa hazipo ndio hivyo tena, duka la dawa. Alikuja mtu wa usimamizi kutoka wilayani akaliona, akapiga picha kurasa mbili, hatukusikia tena chochote. Lakini na sisi hatukufukuzwa.

Bibi yupo. Mkono haujarudi vizuri, anashika kikombe kwa wa kulia. Kila akifika chini ya mparachichi anasema kwa sauti watu wote wasikie, "leo unanipima au unanirudisha?" Watu wanacheka, na mimi nacheka, lakini kila mwezi lazima aseme.

---

Kipute_wa_Kilifi

Safu ya "kafika?" naiiba hiyo. Sista nitumie picha ya ukurasa mmoja nione mistari ulivyoipanga.

---

SistaWaKijijini

Sawa shoga yangu. Daftari lenyewe liko kazini, kabatini na glavu. Niko shifti kesho kutwa, nitapiga.